Bendi Yetu Inavuma

3 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, binamu naye mzima, na yule mgeni wake aliyekuwa njiani ameshafika salama. Huku hatujambo. Paa la jikoni limezibwa, kwa hiyo siku hizi tunapika bila ndoo miguuni. Mama hajambo. Yuko jikoni sasa hivi anaosha vyombo na kuimba, na akifika pale pa juu anaacha kugonganisha masufuria ili ajisikilize vizuri. Unamjua.

Sasa nije kwenye lililonikalisha chini. Bendi yetu inavuma, Mjomba, na si kwa sifa. Tangu uondoke kiti chako cha mitambo nakikalia mimi, na nilikuwa najiona nimefika. Mwezi uliopita Kiongozi akasema meza ya mitambo inakula nafasi jukwaani, tukaihamishia nyuma ya ukumbi. Tangu siku hiyo spika zote zinasema mmmmm kabla mtu hajashika hata ala. Ngoma zikilia mvumo huo huusikii. Zikinyamaza, ukumbi mzima unageuka mzinga wa nyuki.

Tuna mpiga kinanda mpya, kijana ana sikio kama la paka. Siku ya kwanza alikuta bendi nzima iko juu ya kinanda chake kwa kiasi cha unywele, ikabidi akipandishe kidogo kwa kitufe ili alingane nasi. Akacheka, akauliza sisi huwa tunachukua sauti wapi. Mpiga besi akamwambia ukweli: yeye hukaza uzi wake mwembamba mpaka ulingane na mvumo wa spika, na wengine wote humfuata yeye. Kijana hajaacha kutucheka mpaka leo.

Kiongozi hacheki. Tarehe 10 Mei tunafungua ukumbi mpya mjini, na mwenye ukumbi akiridhika tutapiga pale kila Jumamosi mwaka mzima. Anataka kimya. Nimebadilisha spika, nimebadilisha maiki, nimeipiga mitambo makofi kama ulivyokuwa ukiipiga redio ya bibi. Wapi. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nataka unichoree nyaya zinavyotakiwa kwenda.

Mama hajui kama nimekuandikia. Si kwamba namficha, sijapata tu nafasi ya kumwambia.

Mpwa wako,
Kidole (nimekua lakini jina limegoma kukua)


19 Februari

Kwa Kidole, mpwa wangu,

Marahaba. Mgeni alifika, wa kike, na ana mapafu ya mpiga tarumbeta. Usingizi wake una masharti: kitanda kiwekwe ubavuni mwa friji. Friji ikivuma analala, ikinyamaza anaamka na kutuamsha sote. Binti yangu amenikabidhi mimi kazi ya kuilinda, kwa hiyo usiseme mjomba wako hana ajira. Wasalimie wote walio nyumbani.

Kuuliza si ujinga, umefanya vizuri. Kwanza acha kubadilisha vitu kwa pupa. Mvumo ni panya: ukiingia chumbani na kelele na fimbo, utavunja vyombo naye yuko palepale. Wanyamazishe wote. Shusha kila kitufe kwenye meza mpaka chini kabisa. Ukiwa bado unausikia, basi uko kati ya meza na spika. Ukiwa umekwisha, wafungulie mmoja mmoja, taratibu, kama mwalimu anayetafuta aliyeongea darasani. Utakayemfungulia ukaanza, ndiye huyo.

Pili, sikiliza ni sauti gani. Kuna kuvuma na kuna kukwaruza. Kukwaruza, zzzzz, mara nyingi ni taa za jukwaani. Waya wa maiki umelala sambamba na waya wa taa na umeambukizwa. Watenganishe, na pale wanapolazimika kukutana, wakatane kama njia panda, wasitembee pamoja. Kuvuma, mmmmm, ni kitu kingine. Nina hakika hata kabla hujaniambia: mlipohamisha meza mliichomeka kwenye soketi ya nyuma ya ukumbi, na amplifaya za jukwaani zimebaki kwenye soketi ya mbele. Sasa umeme una njia mbili za kwenda ardhini, na kati ya hizo mbili unazunguka kama mtu aliyesahau alichofuata. Mzunguko huo ndio unaousikia. Vuta waya mmoja mnene kutoka jukwaani mpaka kwenye meza, vyote vinywe maji kisima kimoja. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii.

Tatu, na hili ulishike kuliko yote. Atatokea mjuaji akuambie ukate ule waya wa kijani na manjano ndani ya plagi, mvumo utaisha. Ni kweli utaisha. Mfukuze. Waya ule ndio unaochukua umeme uliopotea na kuupeleka ardhini badala ya kumpitia mtu. Mvumo haujawahi kumuua mtu. Maiki yenye umeme inaua, na maiki ya kwanza kuguswa kila wimbo iko mdomoni mwa mama yako.

Ile spika ya chini, ya katikati, inayomtazama mwimbaji, usijisumbue nayo. Ni ya zamani, ina tabia zake.

Mjomba wako


10 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Hongera kwa mjukuu na pole kwa friji. Hapa mzima ni kila mtu isipokuwa jogoo wa jirani, ambaye ameliwa, na hakuna aliyelia.

Umepatia kila kitu! Soketi mbili, kama ulivyosema. Nilivuta waya mmoja kutoka jukwaani, nikaupitisha pembeni ya ukuta watu wasijikwae, na mzinga wote wa nyuki ukahama siku hiyohiyo. Kukwaruza nako kulikuwa kwa taa. Mpiga gitaa alikuwa amefunga waya wake pamoja na waya wa taa kwa kamba, vizuri kabisa, apate sifa za unadhifu. Nikawaachanisha. Yule mjuaji uliyemtabiri alitokea kweli na koleo mkononi, ni shemeji yake Kiongozi. Nimemfukuza kwa heshima.

Ukabaki mvumo mdogo, mdogo sana, ambao ukiwa ukumbini huusikii. Unausikia ukisimama pale anaposimama Mama. Nilifuata somo lako, nikawafungulia mmoja mmoja, nikafika kwenye ile spika ya katikati. Ndiyo, uliniambia nisijisumbue. Lakini jina langu ni nani? Nikaigeuza, na nyuma yake, kwenye waya, nikakuta kijisanduku kidogo kimefungwa kwa tepu nyeusi, na juu ya tepu kuna mwandiko wako kwa chaki: USIGUSE.

Nimekigusa, Mjomba. Ndani kuna swichi moja. Nikaisukuma upande wa pili, na spika ikanyamaza kama imeambiwa kuna msiba.

Kiongozi alikuja akasimama katikati ya jukwaa, akafumba macho, akasikiliza hewa. Kisha akanipigia makofi mbele ya wote. Mpiga kinanda akasema hajawahi kupiga mahali pasafi hivi. Aliyenuna ni mpiga besi peke yake, kwa kuwa hana tena pa kukazia uzi. Sasa anaomba sauti kwa kinanda na inamuuma.

Hebu niambie, ulikuwa unaogopa nini? Kitu kilikuwa swichi moja tu! Miaka yote ile!

Kidole


2 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kimya chako ni cha friji na mtoto na si cha ugonjwa. Nimemuuliza mtu wa posta, ameniapia kwamba barua yangu iliondoka.

Nakuandikia jambo ambalo si la nyaya, ila sina mwingine wa kumwambia. Mama amekosea kuanza, na si mara moja.

Unajua nyimbo zetu zilivyo. Nyingi anaanza yeye peke yake, mstari mzima, ndipo ala zinaingia. Hilo ndilo watu wanalolipia. Ndiyo maana wakampa jina Mizani, kwamba ala zote zikimfuata zinamkuta palepale zilipo, hazidi hapungui. Sasa Jumamosi iliyopita alianza, akaimba vizuri, na bendi ilipoingia ikawa kama milango miwili inayofunguka kwa pamoja ikagongana. Alikuwa chini ya sisi. Akasimamisha, akatabasamu, akasema koo. Akaanza tena. Safari hii akawa juu. Mpiga besi ikabidi amkimbilie huko aliko, wengine wakabaki, ukawa ugomvi mtupu. Watu wachache walicheka. Wengi waliinamia vinywaji vyao, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Mazoezini wiki hii hivyohivyo. Akishaingia kwenye wimbo, hana kosa hata moja. Tatizo ni kuanza tu.

Ameenda hospitali kupima masikio, daktari kamwambia ni mazima. Ameacha chai ya tangawizi, kisha akairudia. Na cha ajabu ni hiki: nyumbani hakosei. Leo asubuhi alikuwa jikoni anaimba wimbo uleule uliomwaibisha, nikapiga sauti kwenye gitaa chumbani kwangu ili nimpime kimyakimya, na alikuwa pale pale. Mizani yuleyule.

Kiongozi amemleta binti mmoja mazoezini, eti aje kuitikia. Kiitikio kimejaa, hakuna nafasi, sote tunajua amekuja kwa ajili gani. Mama naye anajua. Jana alimpa yule binti shali yake kwa sababu kulikuwa na baridi, akamwambia ana sauti nzuri. Alipofika nyumbani aliketi na viatu mguuni mpaka nilipomvua mimi.

Zimebaki wiki tano kabla ya kufungua ukumbi. Nijibu, tafadhali, hata kama ni salamu tu.

Mpwa wako


14 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Si ugonjwa, wala posta haina kosa. Barua yako ya Machi niliipata, nikaisoma, nikaiweka chini ya redio. Kila siku nilikuwa naitoa na kuirudisha.

Rudisha ile swichi ilipokuwa. Funga kijisanduku kwa tepu kama ulivyokikuta. Fanya hivyo leo, usimwambie mtu yeyote, na usiniulize sababu.

Mtoto ameota jino.

Mjomba wako


25 Aprili

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Hongera ya jino.

Swichi sijairudisha. Nitakueleza kwa nini, na unisamehe nikikosa adabu, kwani wewe ndiye uliyenifundisha kwamba fundi hagusi kitu asichokielewa. Unaniambia niharibu kwa makusudi spika niliyoitengeneza. Mpiga kinanda anakaa mita mbili kutoka kwenye spika hiyo, atasikia siku hiyohiyo. Kiongozi atanitoa kwenye kiti. Na nikiulizwa kwa nini, nijibu nini? Kwamba Mjomba kasema?

Nina lingine, na hili nimelibeba miaka miwili. Ile siku ya sherehe nilikuwepo. Nilikuwa nyuma ya pazia nakunja waya. Nilimsikia Mama akishuka jukwaani na kukuambia mbele ya bendi nzima, "Fundi gani anashindwa na waya mmoja? Mvumo huu unaniimbia miguuni kila siku!" Nilikuona. Hukujibu. Ulikunja nyaya zako, ukazipanga sandukuni kwa ukubwa, ukaondoka, na baada ya wiki tukasikia umehamia kwa binamu. Hujawahi kumuuliza hali yake katika barua hata moja. Unasema "walio nyumbani". Walio nyumbani ni mimi na yeye, Mjomba! Naye hataji jina lako. Nilipomwambia hatimaye kwamba naandikiana nawe, alisema "vizuri," akatoka kwenda kuanua nguo ambazo zilikuwa bado hazijakauka.

Na wakati wote huo ulikuwa na swichi. Ungeweza kuuzima mvumo kwa kidole kimoja na ugomvi usingekuwepo. Hukuuzima. Kwa nini? Mimi si mtoto wa kuambiwa usiguse na usiulize. Mama yangu anavuliwa nguo mbele za watu kila Jumamosi, na nafikiri wewe unajua sababu.

Mpwa wako


3 Mei

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Umenikosea adabu na umenikosea vizuri. Mimi nilistahili. Kaa chini usome.

Mama yako alizaliwa na sauti. Alichokosa ni mlango. Akishaingia kwenye wimbo hapotei, hata umtoe ala zote, lakini pa kuingilia hapaoni. Wako watu wa namna hiyo, na si dhambi. Tulipokuwa shule, mwalimu wa kwaya alimweka mbele aanzishe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na sauti kuliko wote. Siku ya kwanza alianza juu sana hata wenzake wakabaki wanalia kama vifaranga. Wakamcheka njia nzima mpaka nyumbani. Usiku hakula, na kesho yake akajifunga shuka akasema haendi shule tena maishani mwake.

Alikwenda. Mimi nilikuwa mstari wa nyuma yake. Mwalimu alipopiga piano yake mara moja kabla ya kutupanga, niliishika ile sauti, na kabla dada yangu hajafungua mdomo nilimpa kwa puani, mdomo umefungwa, kidogo tu, mmm. Akaanza palepale. Tangu siku hiyo mpaka tunamaliza shule nilikuwa nyuma yake. Hakuwahi kugeuka. Sijui kama alijua. Hatujawahi kulizungumza hata siku moja.

Tulipoingia bendi, mimi nikakaa kwenye mitambo, mbali naye. Mwanzo mpiga gitaa alikuwa akimgongea uzi kabla ya kuanza, na watu hawakuona kitu. Halafu bendi ikapenda ile staili ya yeye kuanza peke yake kwenye kimya. Ilikuwa lazima aanguke. Hakuanguka, na mimi mwenyewe nilishangaa. Nikachunguza, nikakuta spika ya katikati ina mvumo mdogo, na mvumo wa umeme una sauti yake moja, haipandi haishuki. Alikuwa anaichukua pale, bila kujua. Kutoka hapo anapanda au anashuka mpaka anapopataka. Mimi kwa kutafuta sifa nikaitengeneza ile spika. Wiki hiyo akakosea mara mbili. Nikaiharibu tena, nikaweka kijisanduku ili iharibike vizuri, kwa kiasi, bila hatari kwa mtu. Ndipo wakampa jina Mizani. Jina zuri namna ile, ningelieleza la nini?

Unasema nyumbani hakosei. Jikoni kuna nini, fundi? Kaa usikilize.

Siku ile aliponiuliza mbele ya watu, jibu nilikuwa nalo mdomoni, tayari kabisa. Ningelitoa, jina lake lingedondoka palepale miguuni pake. Nikaona afadhali mimi niitwe fundi mbovu kuliko yeye aitwe mwimbaji wa kushikwa mkono. Lakini sitakudanganya, niliumia. Niliumia mno. Mtu uliyemkinga ndiye akuchome, tena kwa kile unachomkingia. Nilijua nikibaki nitakuja kusema siku nikiwa na hasira, kwa hiyo nikaondoka.

Sasa unajua. Rudisha swichi, na umwachie jina lake.

Mjomba wako


16 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo mara mbili. Barua yako niliipata siku tatu kabla ya ukumbi. Niliisomea jikoni, nikiwa nimeegemea friji, nikaangua kicheko peke yangu kama mwehu, halafu nikalia.

Nilirudisha swichi. Jumamosi ile Mama alivaa lile gauni la kijani. Yule binti wa kuitikia alikuwa pembeni amekariri nyimbo zote, nami namwonea huruma, si kosa lake. Taa zikashuka, ukumbi ukanyamaza. Niliuona mguu wa Mama unasogea kidogo kuelekea ile spika. Miaka yote nilidhani ni mbwembwe. Akaanza. Mjomba, alianza pale pale! Bendi ilipoingia ilikuwa kama mkono kwenye glovu. Mwenye ukumbi alisimama. Tumepata Jumamosi zetu, mwaka mzima.

Ningeishia hapo ungefurahi. Sikuishia hapo. Tulipokuwa tunafungasha, mpiga kinanda akamwambia Kiongozi kwamba mvumo umerudi kwenye spika ya katikati. Kiongozi akanigeukia. Kabla hajasema kitu, Mama, ambaye bado alikuwa anapokea pongezi, alisikia, akacheka kwa furaha yake tu, bila ubaya, akasema, "Na wewe? Fundi gani anashindwa na waya mmoja?"

Mimi si wewe. Pale ukumbini nilinyamaza, nilikunja nyaya, lakini sikuweza kunyamaza mpaka mwisho. Nilimwonea uchungu yeye, na nilikuonea uchungu wewe, na nilijionea uchungu mwenyewe. Jumatatu alipokwenda sokoni nilichomoa friji. Aliporudi akaanza kupanga mboga, nikamwambia, "Mama, niimbie ule wimbo wa ukumbini." Akaimba huku anamenya vitunguu. Alipofika mstari wa pili nikachomeka friji. Ikatetemeka, ikaanza kuvuma, na sauti yake na ya friji zikagombana jikoni mle kama paka wawili. Akaacha. Akaitazama friji. Akaanza tena, na safari hii zikakaa pamoja.

Ni mtu mwepesi wa kuelewa, Mama. Sikumweleza mengi. Nilimpa barua yako akasoma akiwa amesimama, kisu mkononi. Kisha akauliza, "Na siku ile alinyamaza?" Nikasema alinyamaza. Akaketi. Vitunguu vilivyobaki nikavimenya mimi.

Najua uliniambia nimwachie jina lake. Nisikilize kwanza alilolifanya nalo. Alhamisi mazoezini, kabla ya wimbo wa kwanza, alishika maiki, akamgeukia mpiga besi mbele ya Kiongozi, mbele ya yule binti, mbele ya wote, akasema, "Besi, nipe sauti." Kwa sauti kubwa, kama anayeomba chumvi mezani. Mpiga besi akagonga uzi wake mwembamba. Mama akaanza. Hakuna aliyecheka. Hakuna hata aliyeshangaa. Mpiga kinanda akasema kila mwimbaji anayemfahamu huomba sauti. Mama akamwambia, "Ungeniambia hilo nikiwa na miaka kumi."

Kwa hiyo swichi nimeizima, safari hii kwa ruhusa ya mwenyewe. Kijisanduku kiko kwenye droo yangu.

Kuna kitu kimoja kimebaki. Ameniomba namba ya simu ya kwa binamu. Nimemwona mara tatu ameinua simu, akaiweka. Anasema hajui aanzie wapi.

Kidole


28 Mei

Kidole,

Marahaba. Uliambiwa usiguse ukagusa, uliambiwa usiseme ukasema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini wewe naona unatembea vizuri tu. Kijisanduku usikitupe, nitumie. Friji ya huku inanyamaza mno, na mtoto anahitaji kitu cha kumvumia ubavuni.

Jumapili simu ililia. Binti yangu alikuwa anafua, nikapokea mimi, mtoto begani. Nikasema haloo. Kimya. Nikasema haloo tena. Nikasikia mtu anapumua, na nyuma yake sufuria ikawekwa chini taratibu, nikajua ni jikoni kwenu. Sikukata. Yeye naye hakukata.

Nilikufundisha kwamba simu haipitishi sauti nzito, inazikata zote na kuacha zile nyembamba. Kwa hiyo friji ya kwenu haikunifikia mimi, na ya huku haikumfikia yeye. Ndipo nikaelewa anangoja nini. Miaka hamsini hatujalizungumza, na sasa alikuwa amesimama pale ananingoja, bila kuona haya.

Nikafunga mdomo. Nikampa kwa puani, kidogo tu, mmm.

Akaanza palepale. Aliuimba wimbo wote, ubeti kwa ubeti, na mtoto hakulia. Ulipokwisha akapumua, kisha nikamsikia anasema, "Shikamoo, kaka."

Mjomba wako